Kisa cha Lilly Ledbetter: juri ilikubali kwamba alibaguliwa, kesi ikafia kwenye siku 180

Ukiangalia dokumentari ya ubaguzi kazini alafu ukabaki ukumbini kusikiliza mawakili wakiijadili, utaona watu wengi wanashika sana habari ya bosi. Bosi alisema nini, alimfokea nani, alimnyima nani cheo. Sawa, inauma, na inatakiwa iume. Ila kwenye kesi za mshahara mara nyingi anayeshinda na anayeshindwa hawaamuliwi na mdomo mchafu wa bosi, wanaamuliwa na tarehe. Ndo maana ningeulizwa nichague kisa kimoja cha kujadili baada ya filamu ya aina hiyo ningechagua cha Lilly Ledbetter wa Alabama kule Marekani, na ningeomba tukipitie taratibu mwanzo mpaka mwisho, maana huyu mama alikuwa na ushahidi, alikuwa na juri iliyomwamini (yaani wale raia wa kawaida wanaokaa kusikiliza ushahidi na kuamua), alikuwa na sheria nzuri tu upande wake, na bado hakupata hata senti moja.

Tuanze na kazi yenyewe. Lilly aliingia kiwanda cha matairi cha Goodyear mjini Gadsden mwaka 1979, akiwa mama wa watoto wawili, akapewa usimamizi. Miaka mingi aliyokaa pale alikuwa meneja wa eneo, kazi iliyokuwa imejaa wanaume karibu watupu, na akaendelea nayo hadi Novemba 1998 alipostaafu kabla ya muda wake. Mwanzoni mshahara wake ulikuwa sawa sawa na wa wanaume wenye kazi kama yake, hili watu hulisahau wakisimulia. Hakuanza chini. Alishuka kidogo kidogo huku yupo kazini, kwa sababu kiwandani nyongeza ya kila mwaka ilitegemea tathmini, na tathmini iliandikwa na bosi wake.

Hapa naomba tusimame kidogo kwenye hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuelewa kwanini Lilly "hakuona mapema", kama wengi wanavyomlaumu. Chukua watu wawili wa mfano tu, wote wameanza na dola 2,000 kwa mwezi. Mmoja anapewa nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka, mwenzake asilimia 3. Mwaka wa kwanza tofauti yao ni dola 40, hela ambayo hata ukiisikia unasema ah, labda jamaa alifanya vizuri kuliko mimi mwaka huu. Nenda mwaka wa 15: wa kwanza yuko kwenye 4,158 hivi, wa pili 3,116. Zaidi ya dola elfu moja kila mwezi, na hakuna siku hata moja ndani ya hiyo miaka 15 ambayo bosi alimwita mtu ofisini akamwambia "kuanzia leo nitakulipa kidogo kwa sababu we ni mwanamke". Na hiyo tofauti haikai kwenye mshahara peke yake, ovataimu inapigwa kwa kufuata mshahara, pensheni inapigwa kwa kufuata mshahara, kwa hiyo mtu anaenda nayo mpaka uzeeni.

Alafu kulikuwa na usiri. Lilly alieleza kwamba alipoajiriwa aliambiwa wazi kuwa mishahara haizungumzwi, ukitaka kazi yako usijadili unalipwa nini. Sasa mtu atajuaje? Siku moja karibu na mwisho wa utumishi wake akakuta kikaratasi kwenye kisanduku chake cha barua pale kazini, hakina jina la aliyekiandika, kimeorodhesha mshahara wake na mishahara ya wanaume watatu wenye kazi kama yake. Bila mtu huyo asiyejulikana kesi hii isingekuwepo. Kwa mimi hapo ndo penye kiini cha kisa chote, kwamba haki ya mtu iliyolindwa na sheria ya taifa toka mwaka 1964 ilikaa ikisubiri mwenzake mmoja apate huruma, au ujasiri, wa kuandika namba nne kwenye karatasi.

Namba kamili zilikuja kujulikana mahakamani. Mwishoni mwa 1997 Lilly ndo alikuwa mwanamke pekee aliyebaki kati ya mameneja wa eneo, wanaume walikuwa 15. Yeye alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wote alipata 4,286, aliyelipwa zaidi 5,236. Soma tena hiyo. Sio kwamba alikuwa chini ya wastani au chini ya wale wazoefu, alikuwa chini ya mwanaume wa mwisho kabisa, kwa dola 559 kila mwezi.

Mwezi Machi 1998 akaenda kwenye tume ya serikali inayoshughulikia usawa kwenye ajira, akajaza fomu ya maswali, na mwezi Julai akaweka lalamiko rasmi. Mwaka 1999 akafungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho. Msingi mkubwa ulikuwa Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile inayokataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au taifa alilotoka, na mshahara umetajwa humo wazi.

Upande wa kampuni ulijitetea kwa hoja ambayo utaikuta kwenye karibu kila kesi ya namna hii: hatukumbagua, tulimlipa kulingana na utendaji wake, tathmini zake zilikuwa chini. Na hii hoja sio ya kudharau, maana kama ni kweli basi hakuna ubaguzi. Kwa hiyo kazi ya juri ilikuwa kuangalia kama hizo tathmini zilikuwa za kweli au ni kisingizio. Wakasikia kwamba mwaka 1996 kiwanda hichohicho kilimpa tuzo ya utendaji bora. Wakasikia mmoja wa waliokuwa mabosi wake akikubali kwamba kuna mwaka mshahara wa Lilly ulishuka mpaka chini ya kiwango cha chini ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imeweka kwa cheo kile. Wakasikia wanawake wengine waliowahi kuwa mameneja pale nao wakieleza walivyolipwa chini ya wanaume. Na Lilly akatoa ushahidi kwamba meneja wa kiwanda aliwahi kumwambia kiwanda hakihitaji wanawake, hawasaidii kitu, wanaleta matatizo.

Juri ikamwamini. Mwaka 2003 ikasema alibaguliwa kwa jinsia yake, na fidia ikapita dola milioni 3, sehemu kubwa ikiwa ni adhabu kwa mwajiri. Hapa kwenye dokumentari ndo muziki ungepanda. Ila jaji ilibidi aikate hadi dola 360,000, kwa sababu sheria ya mwaka 1991 imeweka kikomo: mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 500 hawezi kutozwa zaidi ya dola 300,000 kwa adhabu na fidia ya maumivu vikijumlishwa, na zile 60,000 zilizobaki zilikuwa malimbikizo ya mshahara ya miaka miwili tu, maana sheria hairudi nyuma zaidi ya hapo. Yaani hata siku aliyoshinda kabisa, miaka karibu 20 ya kupunjwa ilihesabiwa kama miwili. Mtu akikwambia kesi za ubaguzi Marekani ni utajiri wa ghafla, mwambie habari ya hiki kikomo.

Kampuni ikakata rufaa, na hawakupoteza muda mwingi kubishana kama alibaguliwa au la. Hoja yao kubwa ilikuwa muda. Sura ya Saba inasema lalamiko lazima lifike kwenye tume ndani ya siku 180 tangu kitendo cha ubaguzi kifanyike (kwenye majimbo yenye tume yao wenyewe ni siku 300, Alabama haikuwa nayo). Swali likawa dogo kabisa na ndo likabeba kila kitu: kwenye ubaguzi wa mshahara, kitendo ni kipi? Ni siku ile bosi alipoandika nyongeza ndogo, au ni kila siku ya mshahara unapopokea hela iliyopunjwa?

Kama ni siku ya uamuzi, Lilly alikuwa amechelewa kwa miaka. Maamuzi mabaya yalifanyika miaka ya 80 na katikati ya 90, ndani ya zile siku 180 kabla ya kwenda kwenye tume hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kuna mtu alikaa akaamua upya kumbagua. Kama ni kila siku ya mshahara, alikuwa ndani ya muda bila shida yoyote.

Mahakama ya rufaa ikachukua upande wa kampuni mwaka 2005, na tarehe 29 Mei 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafanya hivyohivyo, kura 5 kwa 4. Jaji Samuel Alito ndo aliandika hukumu ya walio wengi: uamuzi wa mshahara ni tukio moja lenye tarehe yake, kama kumfukuza mtu au kumnyima cheo, na mishahara inayofuata ni matokeo tu ya uamuzi wa zamani, matokeo hayafungui saa upya.

Nataka niwatendee haki na hao watano, maana mjadala ambao unasikiliza upande mmoja haumsaidii mtu atakayesimama mahakamani kesho. Ukomo wa muda upo kwa sababu. Mtu akishtaki leo kwa tathmini ya mwaka 1982, nani anakumbuka? Makaratasi yako wapi? Kwenye kesi hii hii bosi mmoja ambaye Lilly alimtuhumu kwa mengi, pamoja na kumtaka kimapenzi alafu kumlipiza alipokataa, alikuwa ameshafariki kesi ilipofika kusikilizwa. Marehemu hawezi kuulizwa maswali. Hilo ni tatizo la kweli, na Alito alilitaja.

Ila Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika kwa niaba ya wale wanne walioshindwa, aliona kitu ambacho nadhani mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anakijua. Ukifukuzwa unajua siku hiyohiyo. Ukinyimwa cheo unajua, kwa sababu unamuona aliyepewa. Mshahara hauonekani. Unaiona ya kwako tu, na hata ukipata fununu, tofauti ya mwanzo ni ndogo mno kujenga kesi, na ukiwa mwanamke mmoja kati ya wanaume 15 hutaki uonekane mgomvi kwa ajili ya dola 40. Sasa angalia mtego ulivyo: ukishtaki mapema, unaambiwa tofauti ni ndogo, haithibitishi kitu, umeshindwa. Ukisubiri mpaka tofauti iwe kubwa na iwe na umbo, unaambiwa umechelewa. Kwa tafsiri ya wale watano hakuna siku nzuri ya kushtaki. Ginsburg aliisoma hoja yake kwa sauti pale mahakamani, jambo ambalo majaji hawalifanyi mara nyingi, na akamaliza kwa kulirudishia Bunge mpira.

Kulikuwa na kesi ya nyuma pia, Bazemore ya mwaka 1986, wafanyakazi weusi wa idara ya ugani wa kilimo North Carolina waliokuwa wanalipwa chini toka enzi za kutenganishwa kwa rangi. Pale mahakama hiyohiyo ilisema kila malipo ya wiki yanayompa mweusi pungufu kuliko mweupe mwenye kazi kama yake ni kosa lenyewe. Walio wengi mwaka 2007 walisema ile ni tofauti kwa sababu kule mfumo mzima wa mishahara ulikuwa wa kibaguzi waziwazi na uliendelea kutumika. Mimi sioni kama hiyo tofauti inabeba uzito waliouweka. Ubaguzi uliofichwa kwenye tathmini ukapewa kinga zaidi kuliko ule ulioandikwa ukutani, na mwajiri mwerevu anajua achague upi.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa sheria hulipenda na wengine hulipita. Lilly alikuwa pia na dai chini ya Sheria ya Malipo Sawa ya 1963. Hiyo haihitaji uende kwanza kwenye tume na haihitaji uthibitishe nia ya kubagua, unaonyesha tu kazi ni ileile na malipo ni tofauti kwa jinsia, mwajiri ndo anabaki na mzigo wa kueleza kwanini. Dai hilo lilitupwa mapema kwenye mahakama ya chini na halikuendelezwa kwenye rufaa, na walio wengi wakaligusia. Kwa hiyo kama uko kwenye mjadala na wakili yuko mbele, hili ndo swali la kumuuliza: kwenye nchi yetu kuna njia ngapi za dai hilihili, na kila njia ina siku ngapi? Maana njia moja ikifungwa na kalenda, nyingine inaweza kuwa bado iko wazi.

Bunge likaupokea mpira, ila sio haraka. Julai 2007 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada, Aprili 2008 ukakwama Seneti kwa kura 56 kwa 42 kwa sababu zilihitajika 60 ili mjadala uendelee. Uchaguzi ukapita, na tarehe 29 Januari 2009 Rais Barack Obama akatia saini Sheria ya Malipo ya Haki ya Lilly Ledbetter, ya kwanza kabisa kusaini kama rais. Kilichobadilika ni kile kile kipande kidogo: kosa linahesabiwa uamuzi wa kibaguzi unapofanywa, au mtu anapoanza kuguswa nao, na pia kila anapolipwa kwa kufuata uamuzi huo. Kila siku ya mshahara saa inaanza upya. Na haikuwa kwa jinsia tu, iliwagusa pia wanaobaguliwa kwa rangi, dini, umri na ulemavu. Ikaandikwa ianze kuhesabiwa toka tarehe 28 Mei 2007, siku moja kabla ya hukumu, kwa ajili ya kesi zilizokuwa bado hazijaisha.

Ya Lilly ilikuwa imeisha. Sheria ina jina lake na yeye hakulipwa chochote na kampuni, na alilisema hilo mwenyewe mara nyingi huku akizunguka kuwatetea wengine mpaka alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 86. Sijawahi kuzoea hiki kipande cha kisa.

Sasa, sheria ya 2009 ilitatua saa. Haikutatua kikaratasi. Malimbikizo bado ni ya miaka miwili, vikomo vya 1991 bado vipo, na usiri je? Watu wengi hawajui kwamba Marekani wafanyakazi wa kawaida wa sekta binafsi wanalindwa toka mwaka 1935 kujadili mishahara yao wao kwa wao, mwajiri akiwakataza anavunja sheria. Lakini sheria hiyo haiwahesabu wasimamizi. Lilly alikuwa msimamizi. Ukipanda cheo kidogo tu unatoka nje ya ulinzi, na ndo hukohuko juu wanawake wanakobaki wachache na mishahara inakotegemea zaidi kalamu ya mtu mmoja.

Kwa anayefanya kazi leo, vitu vya kubeba kutoka kwenye hiki kisa ni vya mikono kabisa. Tunza tathmini zako zote, hasa zile nzuri, nje ya kompyuta ya ofisi kama taratibu zinaruhusu, maana ile tuzo ya 1996 ndo ilimkatalia mwajiri kusema alikuwa mzembe. Andika tarehe ya kila nyongeza na nani aliiamua. Ukipata habari ya mshahara wa mwenzako andika siku uliyoipata na usikae nayo ukisubiri ikomae, kwanza mtafute mtu akwambie ukomo wa muda kwenye nchi yako ni siku ngapi na unaanza kuhesabiwa lini, kwa sababu sehemu nyingine ni wiki chache tu na malalamiko ya ndani kwa HR mara nyingi hayasimamishi saa. Watu wanapoteza haki zao wakiwa kwenye "tunalifanyia kazi, njoo wiki ijayo".

Na kwa upande wa sheria, majimbo kadhaa ya Marekani yameanza kugusa usiri wenyewe. Massachusetts mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kumzuia mwajiri kumuuliza mwombaji alikuwa analipwa ngapi zamani, kwa sababu aliyepunjwa kazi ya kwanza anabebeshwa pungufu hiyo kila anapohamia. Colorado toka 2021 na California toka 2023 zinataka tangazo la kazi lioneshe kiwango cha mshahara, kuanzia ngapi mpaka ngapi. Ni hatua, naiunga mkono kwa moyo wote, ila iangalie kwa macho ya Lilly: tangazo linakuonesha kazi mpya italipwa kati ya ngapi na ngapi. Halikuoneshi wale 15 mnaofanya nao kazi kila siku wako wapi kwenye hicho kiwango, na wewe uko wapi. Mpaka mwajiri alazimishwe kutoa hizo namba kwa mfanyakazi anayeziomba, mwenye shaka bado atakuwa anategemea mwenzake amwandikie.